Stoo ya Kahawa Kuwa Nyumba ya Familia: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuhamia

Katika maboma mengi ya Embu na Meru kuna jengo ambalo halifanyi tena kazi iliyolijengea. Huko Manyatta, Runyenjes na Imenti ni stoo ya kahawa na pembejeo. Upande wa Mbeere ni ghala la nafaka, au banda la kukaushia tumbaku lililobaki na kuta zilizoingia masizi. Kwingine ni zizi la ng'ombe wa maziwa ambao waliuzwa au walihamishwa. Mabati bado yapo na nguzo zimesimama, huku kijana aliyerudi nyumbani na mke na watoto akitafuta pa kulala.

Wakazi wengi huuliza kama jengo la namna hiyo linaweza kugeuzwa kuwa nyumba. Linaweza, na mara nyingi ni jambo la busara, kwa sababu shamba halikatwi tena ili kupata kiwanja kipya. Hata hivyo, ghala au zizi halikujengwa kwa ajili ya mtu kulala. Ndiyo maana swali la kwanza si chumba cha watoto kitakaa wapi. Swali la kwanza ni hili: jengo hili lilikuwa likifanya kazi gani, na kazi hiyo iliacha nini ndani yake?

Somo hili linafuata swali hilo hatua kwa hatua. Lisome pamoja na wenzako wa nyumbani, na ikiwezekana lisomeeni ndani ya jengo lenyewe.

Majengo haya yalitoka wapi

Embu na Meru, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako wakulima Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930. Baada ya uhuru zao hilo lilisomesha watoto, likajenga nyumba za mawe na kununua mabati. Kila boma lenye mashina ya kutosha lilihitaji chumba cha kuweka mbolea, pampu ya kunyunyizia, dawa, magunia na mbuni iliyokaushwa nyumbani.

Mwaka 1989 mpango wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wakulima wengi walipunguza mashina, wengine wakayang'oa na kupanda chakula, miti au malisho. Stoo zilibaki. Mashamba nayo yaliendelea kugawanywa kutoka baba hadi wana na mabinti, hadi baadhi ya familia zikabaki na sehemu ndogo isiyotosha nyumba mpya, zizi na bustani kwa pamoja. Kwa familia kama hiyo, jengo lililosimama tayari ni mali. Msingi wake umeshakaa na njia ya kulifikia ipo. Udongo uliobaki unaweza kuendelea kulisha watu.

Kulipa jengo la zamani kazi mpya si jambo geni kwetu. Makumbusho ya Meru, pale mjini, yamo ndani ya jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni. Tofauti ni kwamba ofisi haikuhifadhi dawa wala ng'ombe.

Mfano wa somo letu

Tuchukue mfano wa kufundishia. Si habari ya familia fulani. Mzee ana stoo ya kahawa yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Kuta zake ni mabanzi juu ya nguzo za mkaratusi. Sakafu ni ya saruji kwa nusu moja, na nusu nyingine ni udongo. Paa ni la mabati. Mwanawe amerudi kutoka Nairobi na mke na watoto wanne, na wanataka kuishi humo.

"Baba, naomba ile stoo," anasema kijana.

"Chukua, lakini usilaze watoto pale pembeni tulipokuwa tukichanganya dawa," anajibu mzee.

Katika jibu hilo mzee ametoa ukaguzi wa kwanza. Watu waliofanya kazi ndani ya jengo wanajua kisichoonekana. Kabla ya kumwita fundi, keti na wazee wa boma, mama pia, na uwaulize: Dawa ziliwekwa kona gani? Kuna iliyowahi kumwagika? Kuna mnyama aliyewahi kufia humu? Maji huingia upande gani mvua kubwa ikinyesha?

Hatua ya 1: Ondoa mabaki ya kazi ya zamani

*Stoo ya dawa.* Kahawa hunyunyiziwa dawa zenye shaba kuzuia kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni. Madoa ya samawati au kijani sakafuni na ukutani ni dalili ya shaba iliyomwagika. Lakini dawa nyingine hazina rangi. DDT, kwa mfano, ilipigwa marufuku katika kilimo nchini Kenya mwaka 1986, na sumu za jamii yake hukaa udongoni kwa miaka mingi. Mtoto mchanga anayetambaa huweka mikono mdomoni. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na sakafu hiyo.

Fanya hivi. Usifagie kavu, kwa sababu vumbi litaingia mapafuni. Lowesha kwanza, vaa glavu, buti na kitambaa cha kuziba pua na mdomo, na watoto wasiwe karibu. Vunja saruji yenye madoa au harufu, na uchimbe udongo wa chini yake hadi ufike kwenye udongo safi. Usiutupe udongo huo bustanini wala karibu na mto. Ukikuta mikebe au chupa za dawa kuukuu, usizifungue, usizichome moto na usizioshe ili kuwekea maji. Mwarifu afisa wa kilimo wa wadi yako, naye atakuelekeza namna ya kuziondoa salama. Mbao za rafu zilizobeba dawa zisitumiwe kutengeneza kitanda wala kabati la vyombo, na zisiwe kuni.

*Zizi la ng'ombe.* Mkojo wa miaka mingi huacha chumvi kwenye sakafu na sehemu ya chini ya ukuta. Ukipiga lipu juu yake bila kuiondoa, chumvi huvuta unyevu na lipu hubabuka baada ya misimu michache. Ondoa samadi yote, chimba udongo uliolowa, osha kuta na uziache zikauke kabisa kabla ya kazi nyingine. Angalia pia funza na viroboto. Ikiwa kuna mnyama aliyefia hapo na kimeta kikashukiwa, usichimbe hata kidogo kabla ya kuzungumza na daktari wa mifugo, maana vimelea vya kimeta vinaweza kuishi udongoni kwa miongo mingi.

*Banda la tumbaku.* Masizi na harufu huingia ndani ya mbao. Mbao zilizooza au kuungua ziondolewe, na zilizo nzima zikwanguliwe. Ukuta wa udongo ulioshika masizi ubanduliwe na kukandikwa upya.

*Mbao zilizopakwa oili chafu.* Wengi wetu tumepaka oili ya gari kuzuia mchwa. Ndani ya chumba cha kulala mbao hizo hutoa harufu mbaya na hushika moto kwa urahisi. Zibadilishe.

*Paa la asibesto.* Baadhi ya majengo ya zamani yana mapaa mazito ya kijivu yenye mawimbi, ambayo si mabati. Huenda ni asibesto. Nyuzi zake zikivutwa pumuni zinaweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu asibesto kuwa taka hatari. Usiikate, usiitoboe, usiisugue, na usimpe jirani vipande vya kufunika banda la kuku. Wasiliana na ofisi ya NEMA katika kaunti kabla ya kuigusa. Maji ya mvua ya paa hilo yasikingwe kwa ajili ya kunywa.

Hatua ya 2: Kagua miguu, kuta na paa

Nguzo ya mkaratusi iliyosimikwa moja kwa moja udongoni huanza kuoza pale udongo unapokutana na hewa. Chukua bisibisi au msumari mrefu, udunge nguzo usawa wa ardhi na sentimita chache chini yake. Ukizama bila nguvu, nguzo hiyo imekwisha hata kama juu inaonekana nzima. Inaweza kubadilishwa moja baada ya nyingine, huku fundi akiegemeza paa kwa mihimili ya muda. Nguzo mpya ikae juu ya kitako cha zege au jiwe, si ndani ya udongo.

Angalia pia njia za mchwa, nyufa zinazopanuka, na kama ukuta umeinama. Kisha panda ngazi ukague kenchi. Stoo nyingi zilijengwa kwa mbao nyembamba kwa sababu hazikutarajiwa kubeba dari, tangi wala paneli za sola. Uzito mpya unahitaji mbao mpya.

Kwa kuta, familia ina njia kadhaa. Mabanzi yanaweza kubaki nje na ndani pakajengwa ukuta wa pili. Au mabanzi yakaondolewa na kuta zikajengwa kwa mawe, au kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Matofali hayo hayachomwi, kwa hiyo hayamalizi miti kama yale ya tanuri. Usijenge ukuta mzito wa mawe juu ya ardhi ambapo palikuwa na mabanzi tu. Ukuta huo unahitaji msingi wake.

Hatua ya 3: Sakafu na unyevu

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya maji ya mvua hushuka kutoka juu kwenda chini, na stoo nyingi zimejengwa zikiwa zimechimbiwa kilimani. Kabla ya kumwaga zege, chimba mtaro upande wa juu wa jengo ili maji yazunguke na kwenda mbali. Bila mtaro huo ukuta wa nyuma utakuwa na ukungu kila Aprili na Novemba, na watoto watakohoa.

Sakafu nzuri hupangwa hivi kutoka chini: mawe yaliyoshindiliwa kiasi cha sentimita 15, kisha tabaka jembamba la moramu au vumbi la mawe kuziba mianya, kisha karatasi nzito ya nailoni isiyotoboka, halafu zege la sentimita 10. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia unyevu usipande, na ndiyo inayotenganisha familia na udongo wa zamani. Katika stoo ya dawa usiiruke hata kidogo.

Tufanye hesabu ya mfano wetu. Mita 10 mara mita 6 ni mita 60 za mraba. Zege la sentimita 10 litakuwa mita 6 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, panga mifuko 38 hadi 42 ya saruji ya kilo 50. Fundi akikuambia mifuko 15 inatosha, muulize anapanga unene gani.

Hatua ya 4: Hewa, mwanga na moshi

Stoo ilijengwa iwe na giza na mlango mmoja ili mwizi asiingie. Nyumba inataka kinyume chake. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba madirisha ya chumba yasipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na angalau nusu yake yaweze kufunguliwa. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina mita 12 za mraba, kwa hiyo kinahitaji dirisha la mita 1.2 za mraba au zaidi. Acha pia matundu ya hewa juu ya ukuta, yenye wavu wa kuzuia mbu.

Ongeza mlango wa pili. Moto ukishika mlango mmoja, familia iwe na njia nyingine ya kutokea. Vizuizi vya chuma vya dirisha la chumba cha kulala viwe vinaweza kufunguliwa kwa ndani.

Mabati yasiyo na dari huunguza mchana na hugandisha usiku. Baridi ya Julai kule Manyatta na sehemu za juu za Meru inajulikana. Dari la mbao au ubao mwepesi, lenye nafasi ya hewa kati yake na mabati, hupunguza joto na baridi, na pia kelele za mvua.

Jiko la kuni liwe na bomba la kutoa moshi, au liwe katika chumba cha nje. Jiko la makaa lisiletwe ndani usiku kuwapasha watoto joto. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Nyumba iliyozibwa vizuri ni hatari zaidi kuliko stoo iliyokuwa ikipitisha upepo kati ya mabanzi.

Hatua ya 5: Maji, choo na nishati

Paa la stoo ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba hupata lita 60 kwa kila milimita, na ukiondoa yanayopotea unaweza kukinga kama lita 48. Mvua moja ya milimita 25 itakupa takriban lita 1,200. Kwa hiyo mvua nne au tano za namna hiyo hujaza tangi la lita 5,000.

Tangi hilo litatosha muda gani? Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kila mtu kwa siku, yaani lita 120, tangi litaisha kwa siku 41. Ikiwekwa kwa kunywa na kupika peke yake, lita 7 kwa mtu, itakuwa lita 42 kwa siku, na tangi litafika siku 119. Huo ni karibu ukiangazi wote wa kuanzia Juni hadi Septemba. Amueni mapema maji ya tangi ni ya nini, na maji ya kufulia yatoke wapi. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yamwagike, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Choo cha shimo kiwe chini ya mteremko kutoka kisima, na umbali wa mita 30 au zaidi. Mwombe afisa wa afya ya umma aje aone mahali kabla ya kuchimba.

Ukihamisha ng'ombe ili zizi liwe nyumba, usiwapeleke mbali bila kufikiria gesi ya samadi. Ng'ombe wawili wakubwa wa kufungiwa wanaweza kutoa kilo 40 za samadi kwa siku. Ikichanganywa na maji kiasi sawa na kuingizwa kwenye mtambo uliojengwa vizuri, inaweza kuwasha jiko moja kwa saa tatu hadi nne kwa siku. Masalio yake hurudi shambani kama mbolea. Panga zizi jipya, mtambo na jikoni vikaribiane ili bomba liwe fupi.

Nyaya za umeme zifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Taa moja iliyoning'inizwa kwenye stoo kwa waya wa kuungaunga haiwezi kubeba jiko, pasi na televisheni.

Mahindi yatalala wapi?

Hili husahauliwa mara nyingi. Stoo ikiwa nyumba, mavuno hubaki bila makao, na magunia huishia chini ya vitanda au sebuleni juu ya sakafu yenye unyevu. Mahindi yenye unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na sumukuvu na 125 kati yao wakafariki. Mahindi mengi yaliyowadhuru yalikuwa ya shamba lao wenyewe.

Basi kabla ya kuhamia, tengeneza hifadhi nyingine, hata ndogo. Kausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Yaweke katika mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja, mbali na ukuta. Na hapa pana onyo kubwa: vidonge vya kufukiza wadudu visitumiwe kamwe ndani ya nyumba au chumba kinachopakana na wanapolala watu. Gesi yake hupenya kwenye mianya na huua. Kama mahindi na watoto wako chini ya paa moja, tumia mifuko isiyopitisha hewa, usitumie vidonge. Afisa wa kilimo wa wadi atakushauri, na kituo cha utafiti cha KALRO kipo hapa Embu.

Kibali na ardhi ya familia

Watu wengi hudhani kibali ni cha nyumba mpya peke yake. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahesabu mabadiliko makubwa ya matumizi ya jengo kuwa uendelezaji, sawa na ujenzi. Kwa hiyo kugeuza stoo kuwa makao kunahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ombi lako likikataliwa una haki ya kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia mizozo ya mipango ndani ya siku 14.

Nenda kwanza kwa ofisi ya mipango ya ardhi ukaulize kinachotakiwa kabla ya kumlipa mtu yeyote. Beba nakala ya hatimiliki na mchoro wa jengo lilivyo sasa. Kila malipo yawe na risiti rasmi.

Kisha kuna jambo la nyumbani. Ruhusa ya mdomo ya mzee ni baraka, lakini haihamishi umiliki. Kama hatimiliki bado iko kwa jina la babu aliyefariki, familia ianze mirathi mahakamani. Kama mnataka kukata kipande na kumpa kijana hati yake, kumbukeni kuwa kugawanya ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Kama mnakubaliana kuishi tu bila kugawanya, andikeni makubaliano na muwahusishe ndugu wote, wa kiume na wa kike. Sheria ya urithi haiwabagui mabinti. Kijana akitia pesa za miaka mitano kwenye jengo ambalo kaka na dada zake hawakuulizwa, atakuwa amejenga kesi.

Wakati wa kusema hapana

Si kila jengo linafaa. Liache, au lipe kazi nyingine, ikiwa:

1. Dawa zilimwagika mara nyingi na udongo wenye harufu hauishi hata ukichimba.
2. Jengo liko kwenye mteremko unaoteleza, ukingo wa mto, au njia ya maji ya mafuriko.
3. Zaidi ya nusu ya nguzo na kenchi zimeoza. Hapo gharama itakaribia ya nyumba mpya.
4. Hakuna nafasi nyingine ya kuweka chakula cha familia.
5. Ndugu hawajakubaliana kuhusu ardhi.

Kusema hapana si hasara. Mabati, mawe na mbao safi vinaweza kutumika kwenye nyumba ndogo mahali palipo salama.

Turudi kwa mfano wetu

Mzee alisema watoto wasilale kwenye kona ya dawa. Familia ilivunja saruji ya kona hiyo, ikachimba hadi udongo safi, ikaweka nailoni na zege upya katika jengo lote. Hata hivyo waliamua kona hiyo iwe njia ya kuingilia, na vyumba vya watoto viwe upande wa pili. Nguzo nne kati ya kumi na mbili zilibadilishwa. Madirisha matano na mlango wa nyuma viliongezwa. Kibanda kidogo cha mahindi kilijengwa kabla ya kitu kingine chochote. Bustani ya mama haikuguswa hata hatua moja.

Zoezi la nyumbani

Tembeeni ndani ya jengo lenu na karatasi moja, mjibu pamoja:

1. Jengo lilihifadhi nini, tangu mwaka gani, na nani anakumbuka?
2. Maji ya mvua huja kutoka upande gani?
3. Nguzo ngapi zimepita jaribio la bisibisi?
4. Paa lina mita ngapi za mraba, na litakinga lita ngapi kwa mvua ya milimita 25?
5. Mavuno yajayo yatawekwa wapi?
6. Hatimiliki iko kwa jina la nani?

Karatasi hiyo ipelekeni kwa ofisi ya mipango, kwa afisa wa afya ya umma na kwa afisa wa kilimo wa wadi. Mkiwa na majibu hayo mkononi, mazungumzo yatakuwa mafupi na ushauri utahusu jengo lenu hasa. Swali mlilokosa jibu lake ndilo la kuanza nalo, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.